Kuvusha boti ya mtumba na trela lake kutoka nchi jirani
Kitu watu wengi wanasahau, watu wa forodha wanaona vitu viwili hapo, boti na trela, saa nyingine hata injini inaandikwa kivyake, kwa hiyo mwambie muuzaji atenganishe bei kwenye hati ya mauziano asikuandikie jumla tu. Kabla hujatoa hela zunguka nyuma ya boti, upande wa kulia kule juu kuna namba ya bodi (boti za Marekani zina herufi na tarakimu 12), ilinganishe na kadi ya usajili herufi kwa herufi, ukiona pamekwaruzwa au pamepakwa rangi juujuu ondoka zako. Trela nalo lina namba yake ya chesi. Uliza pia kama kuna deni la benki, maana linaweza kuifuata boti mpaka kwako.

Ila kinachoua safari ni trela. Tairi linaweza kung'aa na bado ni zee, soma tarakimu 4 ubavuni, 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019. Ukitembea kilomita kama 20 simama, sogeza kiganja karibu na habu (kitovu cha gurudumu), ikiwa ya moto sana beringi hizo zimechoka.

Halafu kabla ya mpaka toa maji yote kwenye boti, kausha, bandua majani na kome walionasa, wakaguzi wanaweza kukurudisha kwa hilo tu.