Kuchagua spika za sinema sebuleni: tazama ohm kabla ya wati

Mwongozo huu ni wa mwenye risiva ya 5.1 tayari (amplifaya ya kuendesha spika tano na sabufa moja), anayetafuta spika dukani au kwenye mitumba: tatu za mbele, mbili za pembeni na sabufa.

Hatua ya 1: Pima sebule

Kama ni mita 4 kwa 4 hivi, spika ndefu za kusimama sakafuni hazihitajiki. Ndogo za kwenye stendi zinatosha, maadamu sabufa ipo.

Hatua ya 2: Anza na spika ya kati

Hela nyingi ziende hapa. Karibu maneno yote ya filamu hutokea kwenye spika hii. Ikiwa dhaifu, milipuko itatikisa madirisha huku mazungumzo hayasikiki. Iwe ya kampuni moja, na ikiwezekana toleo moja, na za kushoto na kulia, ili gari likikatiza skrini mlio wake usibadilike njiani. Za pembeni zinaweza kuwa za bei nafuu, hazina kazi nzito.

Hatua ya 3: Geuza spika, soma ohm

Muuzaji atakutajia wati. Ukiona wati za PMPO, usihangaike nazo, ni namba za kupamba boksi, uliza RMS, yaani wati inazohimili mfululizo. Ila kinachoua risiva ni ohm, kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. Nyuma ya risiva kumeandikwa kiwango inachokubali, kwa mfano ohm 6 hadi 16. Spika ikiwa chini ya hapo, umeme unaovutwa unazidi: kwa volti zile zile, ohm 4 huvuta mara mbili ya ohm 8. Risiva inachemka, inajizima, na siku moja haiwaki tena.

Mtego mkubwa ni spika za mtumba zilizong'olewa kwenye seti za boksi moja, zile ambazo amplifaya na spika huuzwa pamoja. Nyingi ni za ohm 3 au 4, zilitengenezwa kwa amplifaya yake yenyewe. Jirani yangu risiva yake ilikuwa ikizima kila filamu inapopamba moto. Jioni nzima tulibadilisha waya, tukapangusa vumbi, tukaihamishia penye hewa, wapi! Tulipogeuza spika za mbele, kibandiko kilisema ohm 3.

Kibandiko kikiwa kimebanduka, tumia mita ya fundi. Chomoa waya za spika kwanza, weka mita kwenye ohm, gusisha ncha zake kwenye vichwa viwili vya spika. Spika ya ohm 8 husoma takriban 5.5 hadi 7. Ya ohm 4 husoma 3 na kitu. Usishangae kuona pungufu, mita inapima waya wa koili tu. Isiposoma chochote, huenda koili imekatika, iache. Wala usiunge spika mbili za ohm 8 sambamba kwenye tundu moja: zinageuka ohm 4.

Tazama pia desibeli, yaani ukubwa wa sauti spika inayotoa kwa wati moja, ukipimwa mita moja. Spika ya 90 hutoa sauti ile ile ya spika ya 87 kwa nusu ya nguvu. Kwa risiva ndogo, mimi nachagua ya 90 bila kufikiri mara mbili.

Hatua ya 4: Sabufa

Nunua yenye amplifaya yake ndani, inchi 8 au 10. Kwenye risiva weka mpaka wa besi 80 Hz, ili sauti nzito za chini ya hapo ziende kwenye sabufa. Kuipatia sabufa mahali, iweke kwanza juu ya kochi unapokaa, piga wimbo wenye besi, kisha tambaa kando ya kuta ukisikiliza. Pale besi inaposikika safi bila kuvuma ndipo pa kuiweka. Sebule zetu za vigae na kuta za tofali zinarudisha mwangwi sana; zulia na pazia nzito vitasaidia kuliko kuongeza spika.

Hatua ya 5: Waya

Milimita 1.5 za mraba, shaba tupu. Kwangua kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, rudisha.

Hatua ya 6: Kupanga

Za pembeni zikae kushoto na kulia kwako, nyuma kidogo ya masikio na juu yake kidogo. Unga nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ya kushoto na ya kulia zikipiga pamoja, besi ikapotea na mwimbaji akasikika kama hayupo popote, moja umeigeuza waya.