AppLocker ofisini: sikiliza kwanza, zuia baadaye

Mtu anachomeka flashi, anabofya faili linalofanana na ankara, na kompyuta inaliendesha kwa sababu hakuna aliyeikataza. AppLocker, kipengele cha Windows kilichokuja na Windows 7 na Server 2008 R2, inageuza utaratibu huo: programu isiyoruhusiwa haifunguki. Mwongozo huu ni kwa ofisi yenye domeni ya Active Directory, yaani mfumo wa Windows wa kusimamia kompyuta na akaunti zote kutoka sehemu moja. Kama kila mfanyakazi ana haki za Administrator kwenye mashine yake, mwondolee kwanza, maana kanuni za kuanzia zinamruhusu Administrator kuendesha chochote.

Hatua ya 1. Tengeneza OU (kama folda ya kupangia kompyuta ndani ya Active Directory) ya majaribio, uweke humo kompyuta tatu au nne. Moja itoke uhasibu. Mashine za watu wa IT hazitakufundisha kitu hapa.

Hatua ya 2. Tengeneza GPO mpya (kifurushi cha mipangilio inayotumwa kwa kompyuta za domeni), lakini usiiunganishe na OU bado. Ndani yake ingia Computer Configuration, Policies, Windows Settings, Security Settings. Kwenye System Services, weka Application Identity iwe Automatic. Huduma hiyo isipowaka, kanuni hazifanyi kazi.

Hatua ya 3. Ukiwa hapo hapo, fungua Application Control Policies, kisha AppLocker. Bofya kulia Executable Rules, chagua Create Default Rules. Rudia kwa Windows Installer, Script na Packaged app. Hiyo ya mwisho usiiruke: ukianza kuzuia faili za exe bila kanuni za Packaged app, programu zote za Store nazo zinazuiwa.

Hatua ya 4. Bofya kulia AppLocker, Properties, weka tiki kwenye Configured kwa kila kundi la kanuni, chagua Audit only, yaani irekodi tu bila kuzuia. Wengi wanaumia hapa. Kundi lenye kanuni likiachwa bila tiki, Windows haisubiri; inaanza kuzuia. Ukishahakikisha, sasa unganisha GPO.

Hatua ya 5. Sikiliza. Kwenye Event Viewer, chini ya AppLocker, fungua EXE and DLL utafute namba 8003: programu imeendeshwa, ila ingezuiwa. Kwa muhtasari, tumia PowerShell kwenye mashine husika:

`Get-AppLockerFileInformation -EventLog -EventType Audited -Statistics`

Usikilize hadi lini? Ofisi moja nilisikiliza wiki mbili, nikaona kimya, tarehe 20 nikaanza kuzuia. Tarehe 28 mama mmoja wa uhasibu akanipigia: "Mwanangu, mishahara haifunguki." Programu yao ilikaa C:\Mishahara na ilifunguliwa mara moja tu kwa mwezi. Watu walisubiri mshahara kwa sababu yangu. Tangu siku hiyo sizuii kabla mwisho wa mwezi haujapita.

Hatua ya 6. Andika kanuni za ziada. Programu yenye saini ya kidijitali ya mtengenezaji, tumia kanuni ya Publisher, inayotambua saini hiyo. Itaendelea kukubalika hata ikisasishwa. Path, inayoruhusu kwa kuangalia faili liko folda gani, itumie tu pale mtumiaji wa kawaida hawezi kuandika. Folda iliyotengenezwa moja kwa moja kwenye C:\ kwa kawaida anaweza kuiandikia, kwa hiyo kuiruhusu C:\Mishahara yote kungekuwa kumwachia kila mtu mlango wazi. Niliiruhusu kwa File hash (alama ya kipekee inayotokana na yaliyomo kwenye faili), nikijua toleo jipya likija lazima nichukue hash upya. Pia kwenye kanuni inayoruhusu folda ya Windows, ongeza Exceptions kwa `%WINDIR%\Temp\*`, `%WINDIR%\Tasks\*` na `%SYSTEM32%\spool\drivers\color\*`, kwa sababu mtumiaji wa kawaida anaweza kuweka faili humo.

Hatua ya 7. Badilisha Executable Rules iwe Enforce rules, kisha kwenye mashine ya majaribio endesha `gpupdate /force` ili ichukue mipangilio mipya. Ingia kwa akaunti ya kawaida, nakili cmd.exe kutoka System32 hadi Desktop, uifungue. Inatakiwa ikatae, na tukio namba 8004 lionekane. Ikifunguka, angalia kwanza kama Application Identity inawaka.

Makundi mengine ya kanuni yafuate baadaye, idara moja moja. Waambie wafanyakazi siku moja kabla, uwape namba ya kupiga programu ikigoma, na simu hiyo ikiita ipokee.