Kununua Laser ya mashindano iliyotumika: pima maji kabla ya kupima kasi

Laser, ambayo tangu 2019 boti zake mpya zinauzwa kwa jina la ILCA (kifupi cha International Laser Class Association, chama cha kimataifa cha boti hizi), ni boti ya tanga ya mtu mmoja, urefu mita 4.2, bodi yake, yaani boti tupu bila mlingoti na tanga, kilo 59 hivi. Zote zina umbo lile lile alilochora Bruce Kirby, na kanuni haziruhusu kuchonga wala kubadili bodi. Ndiyo maana boti ya miaka 20 iliyotunzwa inaweza kwenda sambamba na mpya. Rangi iliyopauka na mikwaruzo ya mchanga visikutishe. Kinachoua kasi ni maji yaliyojificha ndani ya bodi.

Anza na tundu la mlingoti. Mlingoti wa Laser haushikiliwi na kamba yoyote. Nguvu yote ya tanga inaishia kwenye tundu hilo, na ndiko boti nyingi zinakofia. Laza boti sawasawa mchangani, mimina maji mpaka yabakize vidole viwili kufika ukingoni, weka alama ya penseli, subiri dakika 20. Yakishuka, hata upana wa ukucha, kuna ufa. Kisha kausha, simamisha kipande cha chini cha mlingoti, mwenzako asukumesukume juu huku wewe umelaza kiganja kwenye sitaha, yaani uso wa juu wa boti, karibu na tundu. Ukisikia sitaha inapumua chini ya kiganja, gundi imeachia, na siku ya upepo mkali mlingoti utang'oka na kipande cha sitaha. Dawa ipo: fundi anakata tundu la ukaguzi, anakausha ndani kwa siku kadhaa, kisha anazungushia faiba na resini. Ila gharama hiyo ikatwe kwenye bei, isiwe juu yako.

Ukikuta tayari kuna kifuniko cha duara karibu na mlingoti, si lazima iwe dosari. Kifungue, ingiza mkono. Faiba kavu inayokwaruza ni habari njema. Utelezi na harufu ya uvundo ni habari mbaya.

Sitaha ni faiba juu, faiba chini, foamu katikati. Bonyeza kwa kidole gumba pande zote mbili anapokaa baharia, maana hapo ndipo mapaja yanapogandamiza kila siku. Ikibonyea na kutoa sauti ya kukatika, foamu imeachana na faiba. Piga pia kwa sarafu ukizunguka mshono wa sitaha na bodi: mlio mkavu unaofanana mwendo mzima ni salama, ukibadilika ghafla kuwa wa kitu kitupu hapo pameachia.

Kutafuta mvujo mdogo, ziba kwa utepe kile kitundu cha kupumulia kilicho ndani ya chumba cha miguu, ukuta wa mbele, chini ya ukingo wa sitaha. Paka povu la sabuni kwenye mishono, kisha puliza kwa mdomo kupitia tundu la kizibo cha nyuma. Mapovu yatakuonyesha mahali. Usitumie kompresa kamwe. Inapasua mshono uliokuwa mzima.

Uzito: inamisha nyuma, toa maji yote, ning'iniza bodi kwenye mizani. Ikipita kilo 65, foamu imelewa maji, na kuikausha kabisa ni kazi ya wiki nyingi.

Mlingoti una vipande viwili. Viringisha cha juu kwenye sakafu bapa. Kikirukaruka kimepinda, kwa kawaida juu kidogo ya kola ya plastiki, ile pete iliyopo vipande viwili vinapoungana. Angalia ribiti ya kola, kwani unga mweupe kuizunguka ni kutu ya alumini, na ndipo kinapovunjika. Hakikisha pia unauziwa kipande cha chini kinacholingana na mwili wako: bodi ni moja, lakini tanga la ILCA 7 ni mita za mraba 7.06, la ILCA 6 ni 5.76 na la ILCA 4 ni 4.7, na kila tanga lina kipande chake cha chini. Mtu wa kilo 80 na kitu anafaa ILCA 7. Wa kilo 65, ILCA 6.

Usukani ushuke mpaka mwisho. Ukibaki umeinuka kidogo, kana, ule mpini wa usukani, itakuvuta mkono safari nzima, na wengi hulaumu tanga bure.

Tanga jipya linakwaruza kama karatasi. Lililochoka ni laini kama kanga iliyofuliwa sana. Tumbo lake huhamia nyuma, boti inalala ubavu badala ya kwenda mbele. Kwa mashindano rasmi liwe la mtengenezaji aliyeidhinishwa. La kuiga linafaa mazoezini tu.

Sasa ingia majini, upepo wa kilomita 15 hadi 20 kwa saa, pamoja na Laser nyingine unayojua ni nzuri. Kasi ya simu usiitegemee, mkondo unaidanganya. Bisheni, yaani endeni mkiukabili upepo, kwa upande mmoja, sambamba, mkiachana urefu wa boti mbili, dakika 10. Badilishaneni mabaharia, rudieni. Badilishaneni matanga, rudieni tena. Ikishindwa kwa mabaharia wote wawili na kwa matanga yote mawili, kosa ni la boti. Kushindwa kukihama na tanga, umepata hoja ya kupunguziwa bei ya tanga jipya. Ikienda kasi lakini inateleza upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, kagua ubao wa katikati: ukingo wake wa nyuma ukiwa umemeguka au ubao wenyewe umepinda, boti haishiki joshi, yaani haipandi kuelekea upepo unakotoka.

Baada ya saa nzima, ipandishe pwani, inamisha nyuma, fungua kizibo juu ya ndoo. Kikombe kimoja cha maji kinavumilika. Ikitoka lita moja, rudi kwenye povu la sabuni kabla hujatoa hela.