Nilifua mapazia ili nisifanye takwimu

Mwaka wa pili tulipewa asaimenti ya takwimu: maswali manne, wiki tatu. Mpaka Ijumaa ya mwisho nilikuwa nimefanya kila kitu isipokuwa hiyo. Nilifua mapazia. Nilisugua jiko la gesi mpaka rumeti akauliza kama kuna mgeni anakuja. Jumapili jioni ndipo nikafungua kompyuta, na saa nne usiku umeme ukakatika. Nilituma maswali mawili tu, na somo lenyewe likaniletea sapu, yaani mtihani wa marudio.

Watu waliniita mvivu, nami nikakubali. Lakini mvivu hafui mapazia! Nilikuwa nalikimbia swali la 2, lile la mgawanyo wa kawaida (normal distribution), kwa sababu siku lilipofundishwa sikuelewa na nikaona aibu kuuliza.

Kwa hiyo kabla ya kupanga ratiba yoyote, andika kwenye daftari kazi unayoikwepa, kisha tafuta ni kipande gani hasa kinachokutia woga. Ukigundua kwamba hujaelewa, ratiba haitakusaidia kitu. Tafuta aliyeelewa. Mimi nilimfuata dada mmoja wa darasani na desa langu (notisi za somo) mkononi, akanielekeza kwa dakika kumi pale kwenye ngazi za maktaba. Wiki tatu za hofu, dakika kumi za maelezo. Niliumia roho.

Kama unaelewa ila huanzi, tatizo mara nyingi ni namna ulivyoiandika kazi. "Kusoma takwimu" haina pa kushika. Andika kitu ambacho mkono unaweza kukifanya sasa hivi: fungua desa la wiki ya tatu, nakili swali la 1 kwa kalamu, chora mchoro wake. Kunakili swali kunaonekana upuuzi, lakini ukimaliza kulinakili tayari umeshaanza kulifikiria.

Halafu tega saa dakika 25. Mtindo huu ni wa Mwitaliano Francesco Cirillo, aliyeuanza akiwa mwanafunzi mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Ndiyo maana unaitwa Pomodoro, yaani nyanya kwa lugha yao. Dakika 25 kazi, 5 kupumzika. Siku mbaya mimi huanza na 10. Usitegee kwenye simu, maana ukiishika kuzima kengele utajikuta kwenye magrupu. Simu yangu naiacha dukani kwa Mangi nje ya geti, na bando langu linapumzika nalo.

Ujanja mwingine, huu niliugundua kwa bahati: usiache kazi pale ulipomaliza swali. Acha katikati ya hesabu, mstari unaofuata ukiwa unaujua. Kesho huanzi upya, unaendelea tu.

Na siku ukishindwa, usijitukane usiku kucha. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, akiwemo Michael Wohl, waliwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wakaona kwamba waliojisamehe kwa kuahirisha kujiandaa na mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha walipofika wa pili. Kwangu imekuwa hivyo hivyo. Nikijisema sana, daftari lenyewe linakuwa na sura ya matusi na sitaki kuligusa.

Tarehe za uongo ("nitajifanya mwisho ni Jumatano") hazijawahi kunisaidia. Najijua kwamba najidanganya. Kinachonisukuma ni mtu. Yule dada wa ngazini tumekubaliana: kila Alhamisi saa kumi jioni namwonyesha kazi, hata ikiwa na makosa, hata nusu ukurasa. Nikija mikono mitupu namnunulia soda. Sapu nilifaulu, na muhula huu ameshaninywea mbili.