Kuuza nyumba mwenyewe bila dalali hapa Dar

Shangazi yangu kauza nyumba yake ya Tabata, nimekuwa naye mwanzo mwisho na dalali hatukumgusa. Naongelea nyumba yenye hati, isiyopimwa ina njia yake.

1. Bei. Tafuta mthamini aliyesajiliwa, ripoti yake utaihitaji tena kwenye uhamisho. Bei za kuambiwa na majirani achana nazo.

2. Karatasi. Hapa ndo watu wanakwama wakuu, kwa hiyo kabla hujapiga hata picha moja toa hati usome jina. Kama bado ni la marehemu huuzi, hata kama mahakama imeshakuteua msimamizi wa mirathi, mpaka kwanza uingizwe kwa Msajili wa Hati kama msimamizi, na hilo lina foleni yake wakati mnunuzi hela inamuwasha. Kama jina ni lako peke yako ila una ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenza kwenye nyumba ya familia, asaini mbele ya wakili, sio kukubali kwa mdomo tu sebuleni. Huna mwenza, kula kiapo. Halafu linganisha hati na kitambulisho cha NIDA herufi kwa herufi, huku Fatma kule Fatuma inatosha kurudishwa dirishani, wakili akuandalie kiapo cha majina mapema. Kodi ya pango la ardhi lipa yote, risiti tunza.

3. Tangazo. Picha za mchana, status ya WhatsApp, kibao getini. Basi.

4. Wateja. Mji huu kuta zimeandikwa "NYUMBA HII HAIUZWI" kwa sababu ya matapeli, kwa hiyo mtu akikutilia shaka usinune, mpe kopi ya hati akafanye sachi mwenyewe, yaani akakague ofisi ya ardhi nyumba imesajiliwa kwa jina la nani. Orijino ataiona kwa wakili, mkononi mwako haitoki.

5. Mkataba, kodi na hela. Kila mtu na wakili wake, msichangie. Fomu za uhamisho ni namba 29, 30 na 35. Kodi ya ongezeko la mtaji ni 10% ya faida na ni ya muuzaji, ndo maana risiti za saruji na mabati zina thamani, zinaingia kwenye gharama. Ushuru wa stempu 1%, andikeni kwenye mkataba nani analipa. Malipo benki kwa benki tu. Akikwambia "nimeshatuma, angalia meseji", fungua akaunti uone salio lenyewe ndo uachie hati.