Kuvuka Omey kwa miguu, na kurudi siku hiyohiyo

Mimi nimezaliwa Jambiani, Zanzibar. Niliposikia kuna kisiwa huku Connemara, magharibi ya Ireland, ambacho maji yakipwa unakwenda kwa miguu, nikajiona mwalimu. Mwalimu huyo alilala njaa, nitakuelezeni.

Kisiwa chenyewe ni Omey, mkabala na kijiji cha Claddaghduff, kama kilomita kumi kutoka mji wa Clifden. Ukifika ufukweni utaona nguzo zimechomekwa mchangani kuelekea upande wa pili. Hizo ndizo barabara yako, zifuate. Kuvuka ni kama robo saa ukiwa huna haraka.

Kabla ya chochote, soma jedwali la maji. Anayetoka pwani yetu hahitaji kufundishwa bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), mwezi ni uleule. Chagua bamvua: maji yanatoka mbali na huku kupwa kwake huangukia karibu na adhuhuri, saa nzuri kabisa ya matembezi. Kanuni yangu ni kuingia masaa mawili kabla ya kupwa kabisa, na kuwa nimesharudi bara saa moja baada yake. Wenyeji hukaa zaidi. Waache, wao wamezaliwa hapo.

Mtego uko kwenye saa. Majedwali mengine yameandikwa kwa saa za majira ya baridi, hivyo kiangazi unatakiwa uongeze saa moja. Mengine yameshaongezewa. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa Juni, mimi nikaongeza juu ya iliyokwisha kuongezwa. Kupwa kulikuwa saa saba mchana, kichwani mwangu saa nane. Nikazurura na binti yangu hadi saa kumi na robo, tukarudi ufukweni, nguzo za katikati zimebaki vichwa tu. Binti akasema tukimbie. Hapana. Ukikuta maji yameshaziba njia, usivuke hata kama unaona ni ya magotini, kwa sababu mkondo unakuja kutoka pande mbili na huoni mashimo. Kaa kisiwani, yatapwa tena. Kama kuna mtu hatarini piga 112, uombe walinzi wa pwani. Sisi tulikaa zaidi ya masaa sita na ndizi mbili. Uzuri wa Juni ya huku, tulipovuka saa nne na nusu usiku mwanga ulikuwa haujaisha.

Kwa hiyo kwenye mkoba: chakula kuliko unachodhani, chai ya chupa, koti la mvua hata kama jua linawaka. Mvua ya huku haipigi hodi. Mguuni mabuti ya mpira. Mwavuli acha nyumbani, upepo wa Atlantiki utaugeuza bakuli.

Ukiwa kisiwani, tembelea gofu la kanisa la Mtakatifu Feichin, la mawe ya rangi ya waridi, lililokuwa limefukiwa na mchanga mpaka 1981. Katikati kuna ziwa. Geti ukilikuta limefungwa, lifunge nyuma yako. Ukilikuta wazi, liache wazi. Mbwa mfunge kamba, kuna mifugo. Na njiani dereva akikuinulia kidole kimoja juu ya usukani, hakutishi, anakuamkia. Inua chako.

Sasa mwani. Upande wenye miamba, maji yakiwa chini kabisa, utauona mwani mfupi mwekundu uliochanua kama kipepeo cha mkono. Wao wanauita carraigín, na jina hilo ndilo lililozaa karajini, ule ute wa kugandishia unaotafutwa kwenye mwani ambao mama zetu wa Paje na Jambiani wanaulima kuuza nje tangu 1989. Mama yangu ameufunga kwenye kamba miaka na miaka, hajawahi kuuonja. Huku wanaula!

Kata kwa mkasi, acha shina kwenye jiwe. Usafishe, uanike nje siku kadhaa, jua na mvua viupige mpaka ufifie rangi. Chukua konzi moja ndogo, loweka, kisha chemsha kwenye maziwa karibu lita moja kwa moto mdogo, dakika ishirini, ukikoroga. Chuja, tia sukari, mimina kwenye bakuli ugande. Mimi natia iliki, hapo katikati ya kuchemsha, punje nne zilizopondwa.

Nilimpelekea mzee jirani yangu, ambaye amekula kitu hiki tangu utotoni. Akaonja, akanyamaza, akauliza nimetia nini. Nikamwambia. Akasema kimeharibika, akamaliza bakuli, na Jumapili iliyofuata akaniletea konzi nyingine ya mwani mkavu ndani ya mfuko wa mkate.