Safari ya Pikipiki na Wanyamapori katika Nchi za Tropiki: Hatua kwa Hatua

Wengi wanaopanga safari hii huanza kwa kuchagua pikipiki. Mimi huanza na jua. Karibu na Ikweta, mwaka mzima, linachomoza kwenye saa kumi na mbili asubuhi na kuzama kwenye saa kumi na mbili jioni, na giza huingia upesi. Wanyama wengi hutembea alfajiri na magharibi. Saa hizohizo ndizo mbaya kuliko zote kuwa barabarani kwa magurudumu mawili, kwa hiyo karibu kila ushauri ulioko hapa chini unatokana na mgongano huo.

Hatua ya 1: Ulizia ruhusa kabla ya kuchora njia

Hifadhi nyingi zenye simba, tembo na nyati haziruhusu pikipiki. Safari haijafa. Tafuta barabara za umma zinazokatiza maeneo ya wanyama. Tanzania, barabara kuu ya kwenda Iringa kutoka Dar es Salaam hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50. Brazil kuna Transpantaneira, njia ya vumbi ya karibu kilomita 147 yenye madaraja zaidi ya 100, inayokata Pantanal, eneo kubwa la kinamasi, mpaka Porto Jofre iliyo kando ya mto. Khao Yai ya Thailand inaruhusu pikipiki ndani ya hifadhi yenyewe. Kwingineko iache langoni, ukodi gari au boti. Hata hapo Porto Jofre, jagwa, paka mkubwa wa Amerika, huonekana zaidi ukiwa mtoni.

Hatua ya 2: Chagua kiangazi

Maji yakikauka, wanyama hukusanyika kwenye machache yaliyobaki, nyasi hupungua na barabara hupitika. Kwa Pantanal ni kama Julai hadi Oktoba.

Hatua ya 3: Chukua pikipiki nyepesi

Cc 150 hadi 250 zinatosha. Utaiangusha kwenye tope, na utaiinua mwenyewe. Beba tyubu, pampu, plagi, waya wa klachi na kiungo cha mnyororo. Bomba la moshi lenye makelele liache nyumbani, hata kama linakupendeza.

Hatua ya 4: Igawe siku

Lala karibu na wanyama. Alfajiri toka na mwenyeji anayelijua eneo, pikipiki ikiwa imeegeshwa. Endesha kuanzia saa mbili na nusu hivi, na ifikapo saa tisa alasiri uwe umefika. Hata mvua za radi za tropiki hupenda kunyesha alasiri.

Hatua ya 5: Simama ndipo uone

Ukiwa unaendesha, macho ni ya barabara. Mnyama mmoja akivuka, ngoja: mara nyingi yuko wa pili nyuma yake.

Panapo usalama, toka kabisa barabarani, mbali na kona, zima injini, vua helmeti. Usiseme. Baada ya kama robo saa ndege huanza tena kuimba, na hapo ndipo mambo yanapoanza. Mimi hutafuta kwanza miti ya jamii ya mkuyu yenye matunda. Afrika italeta nyani na kima, Asia hondohondo, Amerika tukani, ndege wa mdomo mkubwa. Tazama chini pia: matunda yaliyotafunwa nusu na kinyesi kibichi vina habari nyingi kuliko kibao cha watalii. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha. Inayokuza zaidi hutikisika mkononi.

Penye simba au nyati usishuke wala usisimame kupiga picha. Pita polepole.

Tembo wana kanuni yao. Huko Khao Yai wageni huelekezwa kukaa angalau mita 30 kutoka kwa tembo, injini ikiwaka, bila honi wala mwanga wa kamera. Mimi naongeza: geuza pikipiki mapema, ielekee ulikotoka. Usijipenyeze kamwe kati ya mama na ndama.

Hatua ya 6: Ukifika, funga kila kitu

Chakula kisikae kwenye begi la tangi, nyani hufungua zipu. Usiwape kitu hata wakikuangalia kwa huruma. Aliyezoea kulishwa atamrukia mpita njia wa kesho. Buti na helmeti viingie ndani usiku, na asubuhi vikung'ute kabla ya kuvaa, kwa sababu ya nge.